Siku Niliyoleta Makayabo

Zaina mwanangu,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo. Leo nina hasira, na mtu mwenye hasira akitanguliza salamu ni mwongo.

Umeenda kuaga marafiki zako. Mama yako yuko nyuma ya nyumba, anafunga mizigo yako na kuifungua tena. Nimemaliza kuswali alasiri, nikachana karatasi mwishoni mwa daftari lako la sekondari, lile la historia, kwa sababu kurasa za nyuma hukuzitumia. Juu ya blanketi, sabuni, dawa ya malaria na namna ya kufunga mlango, mama yako amekwisha kukuambia mara tatu. Hayo sitayarudia. Mimi nataka kusema juu ya neno moja ulilolitoa mezani Jumapili, mbele ya mjomba wako. Neno lenyewe ni dogo: "tu".

Mjomba wako alikuwa anakuchokoza kama kawaida yake. "Docta ya bambuzi! Benzako banaenda kutunza batu, weye unaenda kutunza mikia!" Watu wakacheka. Na wewe, badala ya kumnyamazisha, ukacheka nao. "Noko, acha weye. Ile kazi ni mwepesi. Ni muhuri tu. Asubuhi unapita kwa abattoir, unapiga muhuri, saa tatu uko nyumba unakunywa chai."

Mimi niliacha tonge la bugali kwenye sahani nikatoka nje. Nilisikia unamuuliza mama yako kama pilipili ilikuwa kali.

Haikuwa pilipili. Nimekaa siku nne na ile "muhuri tu" kama mfupa kooni. Mara ya kwanza nilitaka kuja kukufokea mbele ya watu wote. Mara ya pili nilitaka kwenda kuomba chuo wakurudishie karatasi zako. Mara ya tatu nikajiuliza: huyu mtoto neno hili amelitoa wapi? Nikajijibu: kwangu. Mtoto wa mchinjaji aliyekulia kwenye harufu ya damu, ambaye papa yake hakumwambia kamwe kwa nini aliacha kisu.

Ulikua ukijua kwamba niliacha machinjio kwa sababu ya mgongo. Umenikanda mgongo huu na mafuta ya mawese tangu una miaka minane. Umewaambia walimu wako: papa yangu ng'ombe zilimvunja mgongo, sasa anauza chumvi na sabuni karibu na msikiti.

Mgongo wangu ni mzima, Zaina. Haujapata kuuma hata siku moja.

Kabla sijafika huko, nikuambie kinachokungoja, kwa sababu naona umejiandaa kwa kitu ambacho hakipo. Nilimwita Kasereka, mtoto wa jirani, yeye aliyemaliza mwaka wa tatu kwenye chuo chako pale Butembo. Nilimkalisha kwenye kibanda, nikampa fanta, nikamwambia: nisomee maisha yenu. Akacheka. "Papa, mwaka wa kwanza ng'ombe utaiona kwa syllabus tu. Hata kuku hapana kamata." Anasema ni kemia, ni fizikia, ni majina ya mifupa kwa Kifaransa na kwa Kilatini, mifupa ambayo mimi nimeitenganisha kwa kisu miaka mingi bila kujua jina la hata mmoja. Anasema profesa anakuja kutoka mbali, anakaa siku sita, anamwaga kozi nzima kama mvua juu ya mabati, halafu anapanda gari anarudi, nanyi mnabaki na maji miguuni. Viti havitoshi. Wa mbele wanasikia, wa nyuma wanachora. Na anasema nusu ya wale utakaokaa nao hawakutaka kuja. Walitaka kutibu watu, wakakataliwa, sasa wanangoja mwaka upite wahamie kwingine. Hao ndio watakufundisha lile neno "tu" vizuri zaidi. Ni mbuzi tu. Ni mbwa tu. Ni karatasi tu, tia sahihi twende.

Kama na wewe unaenda kungoja, niambie kesho asubuhi kabla ya gari. Sitakupiga. Nitafungua mizigo mwenyewe, utakaa hapa uuze chumvi nami, na chumvi ni kazi safi kuliko daktari wa kungoja. Nilitumikia daktari wa kungoja. Nilikula naye.

Yule wa machinjio yetu, jina lake sitaliandika, kwa maana amekwisha kufa na ameacha watoto, na labda utakaa nao benchi moja. Alikuwa anatakiwa awe pale kabla ya ng'ombe wa kwanza kulala chini. Amtazame akiwa hai, amtazame akiwa amefunguliwa, maini, mapafu, ndipo apige muhuri wa wino wa zambarau. Alikuwa anakuja saa nne, au haji. Muhuri alimwachia mlinzi, ndani ya mukebe wa maziwa, na kitambaa chenye wino. Kila mtu alijua. Mkubwa wake alijua. Wanunuzi walijua. Tulikuwa tunasema kwa kicheko: "Docta wetu analala ndani ya mukebe."

Na watu walinunua bila wasiwasi, unajua kwa nini? Kwa sababu yangu. Waislamu kwa Wakatoliki, mama wa migahawa, hata masista, walisema: kama ni mkono wa Papa Zaina, chukua bila kuuliza. Mtu anayeswali mara tano hawezi kukulisha uchafu. Nilisikia hivyo na nilipenda kusikia. Nilitembea sokoni kifua mbele. Kiburi changu kilikuwa kimevaa kanzu.

Niliyefanya naye kazi alikuwa Paluku. Wewe ulimwita Papa Ngozi. Alikuwa Mkatoliki, rozari iko mfukoni pamoja na jiwe la kunolea. Mimi nilichinja, yeye alichuna. Kila asubuhi alinitania lile lile: "Weye unatuma ng'ombe kwa Mungu, miye ninabakia na nguo yake." Hakuna mtu katika Beni aliyechuna kama yeye. Ngozi ilitoka bila tundu, ungesema ng'ombe aliivua mwenyewe. Alikuwa na mke, Masika, na watoto wawili wadogo. Ndiyo, Masika huyo huyo. Huyo ambaye kesho tunakupeleka kulala nyumbani kwake Butembo.

Sasa soma polepole, kwa sababu sitaweza kuliandika mara mbili.

Wakati ule barabara ya Kanyabayonga ilikuwa bado inapitisha ng'ombe. Kamyo moja, lori la ng'ombe, iliingia asubuhi, ilikuwa imelala kwenye matope siku nyingi. Ndani yake ng'ombe mmoja alikuwa chini ya miguu ya wenzake. Walimvuta kwa kamba mpaka kwenye sakafu. Mwenye ng'ombe, mtu mnene mwenye simu mbili, alikuwa anapiga kelele: "Mutu ya Mungu, unangojea nini? Iko na pumua bado! Ona tumbo! Tia kisu!"

Tumbo lilikuwa limeinuka, kweli. Lilikuwa limeinuliwa na hewa, kama tumbo la mnyama anayeanza kuharibika. Puani damu nyeusi ilikuwa imetoka kidogo. Nilifanya jambo ambalo kila mchinjaji anafanya, nilimgusa jicho kwa kidole. Mnyama mwenye uhai, hata ukimbakia uzi mmoja, atapepesa.

Hakupepesa.

Nilijua. Usiruhusu mtu yeyote akuambie kwamba papa yako hakujua. Nilikuwa na kibudu mbele yangu, mzoga, kitu ambacho dini yangu imeniharamishia, na ambacho hata mtu asiye na dini anaogopa. Nikageuza kichwa chake kuelekea kibla. Nikasema Bismillah kwa sauti, ili watu wasikie. Nikakata.

Damu haikuruka. Ilitoka polepole, nyeusi kama mafuta ya mashine yaliyochoka, na haikuganda. Ilibaki majimaji kwenye saruji, inatembea.

Paluku alikuwa amechuchumaa karibu nami, kisu mkononi. Alitazama ile damu, akanitazama mimi. "Papa Zaina, hii damu inasema nini?"

Nikamwambia: "Ni uchovu ya njia."

"Ah bon." Akaanza kuchuna. Kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto kulikuwa na kidonda kidogo alichojikata siku iliyotangulia, amekifunga kitambaa. Hakuniuliza tena. Mimi nilikuwa nimesema, na kwake neno langu lilitosha.

Kisha ukaja muhuri. Mlinzi alikuwa ameenda kunywa chai. Mwenye ng'ombe anauliza: "Muhuri iko wapi? Banunuaji banangoja!" Nikainua mukebe mimi mwenyewe. Nikalowesha. Nikapiga mguu wa nyuma, mguu wa mbele, mbavu. Mkono huu unaoandika ndio uliopiga. Hiyo ndiyo "muhuri tu" yako, mwanangu. Inachukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Usinitafutie sababu. Katika mji wetu watu wengi wamefanya mabaya kwa sababu kulikuwa na bunduki mgongoni, na Mungu anajua kupima hayo. Mimi sikuwa na bunduki mgongoni. Nilikuwa nimechoka, mtu mkubwa alikuwa anapiga kelele, na nikaona aibu kumwambia hapana mbele ya watu. Basi. Niliona aibu kwa mtu mwenye simu mbili, sikuona aibu kwa Yule niliyemtaja jina.

Siku za kuchinja walikuwa wananipa kipande cha nyama, unakumbuka, ulikuwa unanipokea mlangoni na kunusa mfuko. Siku hiyo kipande changu nilikiacha pale pale juu ya meza. Nikapita sokoni, nikanunua makayabo. Ulichukua mfuko, ukaona samaki wa chumvi, ukashangaa. "Papa, leo ng'ombe balikataa?" Nikakujibu: "Leo balikataa." Ukacheka mpaka ukakaa chini, ukaenda kumwambia mama yako kwamba ng'ombe wamefanya mgomo.

Mimi hicho kicheko nakisikia mpaka leo. Kwa sababu makayabo yale ndiyo shahidi wangu. Kama sikujua, kwa nini watoto wa wengine niliwauzia nyama, na mtoto wangu nikamletea samaki?

Ile nyama ilienda wapi, ilifanya nini kwenye matumbo ya watu, sijui. Hakuna aliyerudi kulalamika. Labda sufuria za akina mama zilichemka kuliko dhambi yangu. Lakini Paluku alikuwa ameigusa mbichi, kwa mkono wenye kidonda.

Kwanza ilikuwa kipele kinachowasha. Siku ya pili kikawa na maji. Siku ya tatu katikati yake kukawa kweusi, kweusi kama makaa, na mkono ukavimba mpaka begani, kisha shingo. Na hakikumuuma! Alikuwa anatania: "Muone, ninageuka ng'ombe. Papa Zaina, usinikaribie na kisu." Tulimbeba mpaka poste ya afya. Infirmier, muuguzi wa pale, alikuwa kijana mwangalifu, hakukimbilia sindano, alikaa akauliza: amekula nini, wapi, amegusa nini, kuna mnyama mgonjwa alimchuna?

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Asubuhi ile ile daktari wetu wa machinjio alikuwa amenikuta njiani. Alikuwa amekwisha kuuona ule mkono, na uso wake ulikuwa umepauka. Alinishika kiwiko. "Kisu ni yako, muhuri ni yangu. Tukifungua mudomo, tunaenda wote wawili." Huyo alikuwa amesoma, Zaina! Alikuwa amekaa kwenye auditoire, ukumbi wa masomo, kama utakayokaa wewe. Alilijua jina la ule ugonjwa, na alilimeza.

Infirmier alitutazama mmoja mmoja. Mimi nikatazama viatu vyangu. Masika ndiye aliyemjibu, maskini, alisema alichokijua: "Hapana, docta, hakukula nje. Alikula tu kwangu, bugali na sombe."

Siku ya tano Paluku alikufa.

Na lile jibu la Masika, la mke anayetaka bwana wake apone, ndilo walilolichukua. Baada ya mazishi ukoo ulikaa. Kaka mkubwa wa Paluku alisimama: "Yeye mwenyewe alisema. Alikula wapi? Kwa muke yake. Sasa sumu ilitoka wapi?" Watu wakanguruma. Masika alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kitambaa cha msiba kichwani, mtoto mdogo ananyonya.

Hapo nilisimama. Sikiliza vizuri, kwa sababu mama yako amekusimulia sehemu hii kama sifa yangu. Nilisimama, Mwislamu peke yangu kati yao, nikasema: "Masika hapana tia sumu."

"Weye unajua namna gani?"

Nikasema: "Ninajua moyo yake."

Moyo wake! Mimi nilijua ng'ombe. Nilikuwa na neno moja la kumtoa yule mwanamke kwenye moto, ng'ombe, na nikatoa neno lingine, zuri, la kunipamba mimi. Hawakunisikia. Walimfukuza kutoka kiwanja cha bwana wake na watoto wake wawili. Akaenda Butembo, anauza maharage ya Vuhovi sokoni, na miaka kumi na moja sasa upande wa bwana wake wanamwita "muke ya sumu". Watoto wake hawajawahi kukanyaga shamba la baba yao. Na yeye, mama yako alipokutana naye mwaka jana akamwambia unatafuta mahali pa kulala, alishika mikono yake miwili: "Mutoto ya Papa Zaina ni mutoto yangu. Ni yeye peke yake alinisimamia. Wasingya, wasingya."

Anatushukuru. Kwa Kinande chake, mara mbili.

Unaona sasa kwa nini niliacha tonge kwenye sahani?

Miaka yote hii nilikuwa najidanganya kwa njia moja. Nilikuwa najiambia: hata ningesema, ule ugonjwa ulikuwa umekwisha kumshika, ilikuwa siku yake. Nililala juu ya hilo kama mto. Mpaka nilipomwita Kasereka. Alikuwa amekuja na syllabus yake, anafungua kurasa kunionyesha ugumu wa masomo, na katikati nikauona mkono wa Paluku. Picha. Kidonda cheusi, kingo zimevimba, kwenye mkono wa mtu mwingine wa nchi nyingine. Nikamwuliza: hiki ni nini? Akasema Waswahili wengine wanauita kimeta, Wafaransa wanauita charbon, makaa, kwa sababu ya weusi wa kidonda. Akanisomea: mnyama aliyekufa kwa ugonjwa huo hafunguliwi kabisa, anazikwa mzima, chini sana. Damu yake haigandi. Nikamwuliza, na mtu aliyeshikwa? Akageuza ukurasa. "Aa Papa, mutu anapona, kama banajua mapema. Dawa iko, ya kawaida tu."

Ya kawaida. Ilikuwa kwenye kabati la ile poste ya afya, nyuma ya mgongo wa infirmier. Nilikuwa naitazama.

Kasereka aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia ni mgongo.

Kwa hiyo nina hasira. Nina hasira na yule daktari kaburini mwake. Nina hasira na mkubwa wake aliyejua habari za mukebe. Nina hasira na chuo kinachowapa watu karatasi na hakiwaulizi kama watasema neno siku neno linapotakiwa. Watakufundisha friji ya chanjo, na utarudi mahali umeme unakuja kama mgeni. Watakufundisha kuzika ng'ombe mzima, na utarudi kwa mtu ambaye ng'ombe huyo ndiye ada ya watoto wake, anakuambia kwa machozi: docta, una roho mbaya. Atakuwa analia kweli. Hutakuwa na askari nyuma yako, na kama atakuwapo, huenda naye anataka nyama. Hayo hayako kwenye syllabus, nilimwuliza Kasereka.

Lakini hasira kubwa ni juu yangu, na iliyobaki ilikuangukia wewe Jumapili, kwa ajili ya neno ulilolitoa bila kujua. Hiyo si haki. Nisamehe hiyo.

Jambo moja nalijua kuliko maprofesa wako wote, kwa hiyo lichukue. Kasereka anasema mtafundishwa kumwuliza mwenye mnyama: ameanza lini, amekula nini, kuna mwingine aliyekufa? Mtaandika majibu kwa unyenyekevu. Zaina, mwenye mnyama atakudanganya. Na usimtafute mwongo kwenye mtu mwenye macho mekundu na pombe. Mtafute pia kwenye mtu mwenye kanzu safi, anayesimama mlangoni na kutazama viatu vyake. Yule infirmier alikosa jambo moja tu. Hakuniambia mimi: "Papa, wewe je?" Angenitaja, nadhani ningeanguka. Siku zote nimemngoja mtu aniulize.

Tena, watakupa mifupa. Kasereka anasema kila mwanafunzi anatafuta mifupa ya mbwa au ya mbuzi, anaichemsha, anaiweka kwenye gunia, anakariri nayo nyumbani. Fikiria hilo gunia linaingia nyumba ya mwanamke ambaye watu wamekwisha kumwita mwenye sumu. Majirani hawatahitaji ushahidi mwingine. Usiifiche hata siku moja. Itandaze uani mchana, waite watoto wa jirani, waambie hii ni bega, hii ni paja, wacheke, wakukaririshe. Kitu kilichofichwa nyumbani kwa Masika kitamwangukia Masika. Mimi nimekwisha kuficha cha kutosha kwa wote.

Mama yako anajua tangu juzi. Alilia, akaniita jina ambalo sitaliandika, halafu akarudi kwenye mizigo yako. Nilimwambia: labda ningoje mwaka wa kwanza uishe, mtoto asikose kitanda. Akaweka chini blanketi. "Ungoje? Basi mutoto yangu alale mwaka muzima kwa kitanda ya wongo?"

Nikachukua simu.

Basi iko hivi. Kesho nilikuwa nikupeleke mpaka kwenye gari tu. Sasa nitapanda nawe, tukishasikia kwamba waliotangulia barabarani wamepita salama. Kaka mkubwa wa Paluku nimempigia simu, anashuka kutoka Vuhovi, tutakutana naye kwa Masika. Aliniuliza, "Kuko nini?" Nikamwambia, kuko neno ya zamani, inakuhusu. Sikusema zaidi, ila nimejifungia njia ya kurudi nyuma, kwa sababu najifahamu. Peke yangu na Masika ningepata tena neno zuri la moyo.

Huenda akatufukuza. Atakuwa na haki. Huenda yule kaka akanipiga mbele yako. Usiingilie. Huenda ukaanza masomo bila mahali pa kulala, kwa sababu ya papa yako, na hasira utakayokuwa nayo usiipeleke kwa yeyote ila kwangu. Nitaibeba, mgongo upo.

Barua hii nimeitia kwenye mfuko wa blouse yako nyeupe, koti la mazoezi ya maabara, ambayo mama yako ameipiga pasi mara mbili. Ukitaka kubaki, iache blouse kitandani, nitaelewa. Ukitaka kwenda, njoo nayo mkononi.

Na tukifika: Masika atakuwa amepika. Namfahamu, atakuwa amechinja kuku. Kule mgeni hasemi maneno makubwa kabla hajala. Ataleta beseni na birika la maji ya moto, atapiga goti mbele yako kwanza, kwa sababu wewe ndiye mtoto wa mtu aliyemsimamia. Atakuambia: "Nawa, mwanangu." Usinyooshe mikono. Iweke magotini, mwombe radhi, ungoje mpaka nimalize kusema. Maji yakipoa, yapoe. Baadaye, kama atainua birika tena yeye mwenyewe akamimina, nawa, ule kila atakachokupa. Kama hatamimina, chukua begi lako, msalimie kwa heshima, tutoke.

Ni mimi papa yako,
mwenye mgongo mzima.